Mwaka Tuliomwimba Mzee Mbonde

Mzee Selemani Mbonde tumemzika juzi, Salale, huko delta, baada ya sala ya alasiri. Kwenye maziko yake nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, kanga nimeivuta mpaka kwenye nyusi, kimya. Kwa asiyenijua hapo hapana kioja, mwanamke mtu mzima amekaa msibani, basi. Lakini ukoo wetu na ukoo wa Mbonde ni watani, utani wa tangu mababu, na mtani hakai kimya kwenye kilio cha mtani wake. Mtani ndiye anayekuja kukiharibu. Anavaa shati la marehemu, anajilaza mlangoni jeneza lisipite, anamsema maiti kwamba alikuwa mlafi na mvivu na alikufa kwa uchoyo, na watoto wa marehemu wanacheka huku machozi yanawatiririka. Juzi kazi hiyo waliifanya wengine wa ukoo wetu, tena vijana ambao Mbonde walimjua kwa mbali tu. Bibi mmoja wa Kiongoroni alinigusa goti akaniuliza, "Weye si ndiye mtani wake, yule wa kwenye redio? Mbona umekaa kama mgeni?" Nikamwambia miguu inanisumbua, siwezi kuinuka. Miguu yangu haina tatizo lolote. Nimerudi nayo Kibiti nikapanda kitanda changu, na tangu juzi sijafikiri kitu kingine isipokuwa ule mwaka.

Ulikuwa mwaka wa bendi. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, nina mdomo. Saidi, kijana wa mtaa wa pili, alirudi kutoka Dar es Salaam na gitaa la umeme lililofungwa waya wa baiskeli mahali pa mkanda, na nywele alizonyoa panki, kishungi kimoja kikali katikati ya kichwa. Mjomba wake alikinyoa kishungi hicho siku ileile, lakini kanda aliyokuja nayo hakuijua, kwa hiyo ilipona. Ilikuwa kanda ya Wazungu wanaopiga kelele kama wanang'olewa meno. Saidi alituambia muziki ule nao unaitwa panki, kwamba hauhitaji kujua kuimba, unahitaji kuwa na hasira. Mimi hasira sikuwa nazo, nilikuwa na sauti. Haikuwa nzuri, ilikuwa kubwa. Ngoma alipiga Chande, fundi baiskeli, mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwajua, ambaye akishika fimbo za ngoma alikuwa anageuka jini. Tukajiita Mbung'o, kwa sababu mbung'o hana sauti tamu na hakuna anayemsahau akishamuuma.

Tulifanyia mazoezi kwenye ghala la korosho la yule mjomba, nyuma ya duka lake. Magunia yalipangwa mpaka juu, yakameza kelele zote, ukiwa nje ulisikia kishindo tu. Ndani palinuka gunia, mafuta ya korosho na jasho la Chande. Amplifaya tuliazima kwa mwenye vyombo vya harusi, ikawa inakoroma hata kabla gitaa halijaguswa, na Saidi akasema hiyo ndiyo sauti yenyewe, msiitengeneze. Mjomba mtu alikuwa akituletea chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, anasimama mlangoni, anasikiliza huku amekunja uso, halafu anauliza, "Nyie, huo wimbo unaumwa wapi?" Tulikuwa na furaha ambayo hata leo naionea wivu. Tuliimba kuhusu mbu, kuhusu wapiga debe wa stendi, kuhusu mganga aliyekimbia na kuku wa watu. Nyimbo zote zilikuwa mbaya isipokuwa moja.

Sasa nieleze habari za Mbonde. Salale yeye ndiye alikuwa mpimaji wa kamba, wale wa kuliwa. Kampuni moja ya Dar ilikuwa inaleta boti ya barafu, na Mbonde alikaa na mizani yake chini ya kibanda cha makuti kando ya mkondo, anawapimia watu kamba wao, kampuni inachukua. Wapimaji wengine walikuwa na hila zao, kila mtu wa delta anazijua. Mbonde hakuwa na hila hata moja. Alikuwa anawaacha kamba wachuruzike maji mpaka wakauke, kampuni isidhulumiwe, kisha anageuza uso wa mizani kuelekea kwa mwenye kamba ili asome mwenyewe, na asiyejua kusoma anaitiwa mtoto wa shule. Wanawake wa Kiongoroni walikuwa wanapiga kasia wakiwapita wapimaji wawili njiani ili wakapimiwe na yeye. Hivyo ndivyo jina lake lilivyokuwa. Na kwa sababu hiyo, sisi watani wake tulimwita mwizi. Ndivyo utani ulivyo, mfupi unamwita mnara, na mcha Mungu unamwita mlevi. Tusi likiwa la kweli si utani tena, ni ugomvi.

Mimi na yeye tulikuwa hatusalimiani kama watu. Nikishuka tu kwenye boti ya Nyamisati alikuwa ananiona kwa mbali anapaza sauti, "Mke wangu kaja! Ficheni sufuria!" Na mimi namjibu, "Nimefuata talaka yangu, kizee wee, nimechoka kulala na mizani katikati!" Mkewe, Bi Mwajuma, anacheka mpaka anashika ubavu, anasema mchukue leo leo, na nguo zake nimeshazifua. Hakuna mtu mzima mwingine duniani ambaye ningeweza kumwambia maneno yale. Wazee wengine niliwapigia goti nikatazama chini. Mbonde peke yake ndiye aliyeupenda mdomo wangu, akanifundisha kuutumia, na kila nilipomshinda kwa neno alipiga makofi. Nilikuwa nampenda. Naandika hivyo kwa sababu wakati ule sikujua kwamba ndilo jina la ile hali.

Wimbo ulizaliwa kwenye hitima ya kaka yake. Wanawake tulikuwa uani, tunachambua mchele, kamba wanachemka kwenye tui, na Mbonde kapita karibu na jiko kuonja chumvi. Nikaanza kumwimbia huku napiga ungo, "Mbonde mwizi, Mbonde mwizi, mizani yake ina tumbo." Uani pote pakalipuka. Yeye akasimama na mwiko mkononi, akafikiri kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Akasema, "Hapo pazuri, lakini inakula nini hiyo mizani?" Nikasema inakula kamba wa wavuvi. Akatikisa kichwa. "Wavuvi wanaume, watajitetea. Sema wajane. Ukisema wajane inauma." Basi ikawa hivi:

Mbonde mwizi, Mbonde mwizi,
mizani yake ina tumbo,
inakula kamba wa wajane
inabeua mbele za watu!

Ule mstari wa kubeua nao ni wake. Tulipoupiga kwa mara ya kwanza, na gitaa likikoroma na Chande akivunja vunja ngoma, ilikuwa kwenye harusi hapo hapo Salale, kwa jenereta, na Mbonde alicheza katikati ya uwanja na mizani ameining'iniza shingoni. Wajane wenyewe walimtunza. Sijaona tena wimbo ukapokelewa vile.

Tukaenda Dar kurekodi. Studio ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani, na fundi mitambo alikuwa anatuomba radhi kila baada ya wimbo, akidhani amplifaya imeharibika. Kanda ikatoka na karatasi ya rangi ya chungwa na picha yetu watatu tumenuna mbele ya magunia. Kibiti haikununuliwa. Watu stendi walisikiliza nusu ya wimbo wakasema mwenye duka awarudishie taarabu yao. Lakini mtangazaji mmoja wa redio ya Dar, kijana wa vipindi vya usiku, aliipata, akaupenda ule mmoja, akaupiga, akaurudia. Hakusema ni utani. Atajuaje? Alisema hatimaye wamepatikana vijana wa pwani wasioogopa, wanaomtaja mnyonyaji kwa jina lake. Gazeti likaandika kwamba Mbung'o ni sauti ya wajane wa delta. Saidi alilikata lile gazeti akalibandika ghalani juu ya magunia, na mjomba mtu, ambaye hakuwahi kutusifia, alilisoma taratibu akasema, "Kumbe mnatetea watu." Nikaona aibu kidogo, na sikumsahihisha.

Kisha watu wa redio wakatuita studio kwao tuhojiwe. Palikuwa na zulia na feni ya dari, tukapewa soda. Mtangazaji aliniinamia akaniuliza, "Dada, huyu Mbonde yupo kweli, au ni mfano tu?" Nimeyarudia majibu yangu mara nyingi, kitandani, jikoni, kwenye foleni ya maji. Ningeweza kusema ni mtani wangu. Maneno matatu tu hayo na nchi nzima ingeelewa, maana ni nani nchini hajui mtani ni nini? Lakini yeye alikuwa ananitazama kama shujaa, na hakuna aliyewahi kunitazama hivyo, nikasema, "Yupo. Yupo Salale, mwende mkamwone." Saidi akacheka. Chande hakucheka. Alipokuwa ananirudishia chupa ya soda tukitoka aliniambia polepole, "Ungesema ni babu yetu, tunamtania." Nikamwambia aache woga.

Wiki zile zile tukaenda Salale kumpelekea Mbonde kanda yake. Alifurahi, akaipakata kama mtoto mchanga, akasema picha imemkosea kwa kutomweka yeye. Bi Mwajuma alitupikia wali na mchuzi wa kamba, na mimi nikakaa naye kwenye chumba cha jikoni, mlango wazi, wanaume wako barazani na majirani wamejaa. Ndipo akaja meneja wa kampuni. Ameteremka kwenye boti ya barafu, viatu vimejaa tope la mikoko, shati la mikono mirefu. Akasalimia vizuri, akakaa kwenye benchi, akakataa chakula. Nilimsikia kila neno.

"Mzee Mbonde," alisema, "huu wimbo nimeusikia redioni. Ofisini wote wameusikia. Miye sikuja kukugombeza, nimekuja kukuuliza kama mtu mzima. Haya yanayosemwa ni kweli?"

Kutoka jikoni nilimwona Mbonde ubavuni. Niliona kona ya mdomo wake ikitetemeka, kama inavyotetemeka ya mtu anayeshikilia kicheko. Au ndivyo nilivyodhani. Akajibu, "Kweli tupu, bwana. Tena huyo mtoto kanionea huruma, hajasema hata nusu."

Watu wakaangua kicheko. Na mimi, tonge mkononi, nikapaza sauti kutoka jikoni, "Nusu nyingine nimeiweka kwa kanda ijayo! Nyumba yote hii imejengwa kwa kamba wa wajane, hata mlango huu ni wa dhuluma!" Kicheko kikaongezeka, Bi Mwajuma akanipiga begani kwa furaha. Meneja hakucheka. Alijifuta uso kwa leso, akaomba maji, akanywa, akashukuru, akaondoka.

Watoto wangu niliowasimulia kisa hiki wananiuliza, sasa kwa nini yule mzee asiseme tu ni uongo? Wamekulia mjini, siwalaumu. Mtu aliyetaniwa akajibu kwa kununa, kwetu ameshapotea. Watasema Mbonde kakasirika, Mbonde kamkana mtani wake mbele ya mgeni, na ndugu zangu wangekuwa na haki ya kumtoza faini ya mbuzi. Hakuwahi kukasirika maishani mwake kwa utani, na hakuwa tayari kuanza siku ile kwa ajili ya mtu mwenye viatu vya tope. Nadhani pia aliamini mtu yeyote akisikia kicheko cha baraza zima ataelewa. Huo ni upande wake. Upande wangu mimi ni mwepesi zaidi na mbaya zaidi. Niliuona uso wa meneja. Mbonde alikaa naye bega kwa bega akitazama majirani zake, lakini mgeni alikuwa amemgeukia, na mimi jikoni nilikuwa namtazama mgeni huyo usoni, na nilijua kwamba yule mtu hatanii. Nilijua, nikapaza sauti hivyo hivyo, kwa sababu watu walikuwa wameshaanza kucheka na mimi kicheko cha watu nilikuwa sikiachi kipite.

Mizani ilichukuliwa na boti iliyofuata. Wazee wa Salale walimwendea meneja mpaka Nyamisati, wakamweleza utani, wakamwapia, na wanawake wa Kiongoroni wakaenda na watoto mgongoni. Meneja aliwasikiliza kwa adabu. Akasema anawaamini, lakini jina limeshachafuka, kila anayeuza kamba wa kampuni Dar anaulizwa habari za Mbonde, atafanyaje? Akawekwa kijana kutoka kwingine, na mizani ya huyo ilikuwa na tumbo kweli. Hilo nililisikia nikiwa Kibiti, kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anauza dagaa sokoni. Hakunilaumu. Alinisimulia kama habari ya mvua. Alisema, "Mzee wa watu sasa kakaa tu barazani. Wakimwuliza anasema mkewe wa Kibiti kamfilisi." Kisha akacheka, kwa sababu ilikuwa inachekesha.

Nilitaka tuufute wimbo. Saidi hakukubali. Tulikuwa tumealikwa Dar kwenye ukumbi mkubwa, na mwenye ukumbi hakutaka kusikia nyimbo za mbu. Saidi akasema, "Mshikaji, bila Mbonde hakuna shoo." Ningeweza kukataa. Nikapanda jukwaani. Taa zilikuwa kali, sikuona sura hata moja, nilisikia pumzi za watu tu, na nilipofika "Mbonde mwizi" sikuhitaji kuimba tena, maana ukumbi ulinipokea. Walikuwa wanapiga miguu sakafuni wakipiga kelele, mwizi, mwizi, mwizi. Kila mtu nchini kwetu anajua neno hilo likipigiwa kelele na watu wengi linaishia wapi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kuona mizani ile ikigeuzwa ili mjane asome. Nikaangalia nyuma, nikamwona Chande ameziweka fimbo zake chini na mikono ameifumbata mapajani. Huo ndio ulikuwa mwisho wa Mbung'o. Saidi alininunia miaka mingi, sasa ana duka la vipuri Ikwiriri na tunasalimiana.

Nikaenda Salale peke yangu. Nilinunua kilo mbili za sukari na kanga ya Bi Mwajuma, na njia nzima kwenye boti nilikuwa napanga maneno. Mama yangu alikuwa amenikataza. Aliniambia, "Mtani haombwi radhi. Kamtukane, mcheke, yaishe. Ukimpigia magoti unamwambia kwamba yale hayakuwa mchezo." Nilimsikia vizuri na sikumwelewa. Nilikuwa msichana, nina mzigo, nilitaka mtu anitue.

Alikuwa barazani, anasuka ukili. Aliponiona akapaza sauti kama kawaida, "Jamani, mwizi wangu kaja, leo atachukua na mlango!" Bi Mwajuma akatoka ndani anacheka. Na mimi nikapiga magoti chini, kwenye mchanga, mbele yake, nikalia. Nikasema, "Baba, nisamehe. Nimekuharibia jina. Nilijua yule mtu hakuelewa, nikasema hivyo hivyo. Nisamehe, baba."

Mbonde aliacha kusuka. Bi Mwajuma alisimama mlangoni, kicheko kikamwisha usoni polepole. Alinitazama, yule mzee, na alionekana amechoka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Ikawa kama nimemtangazia msiba ambao alikuwa anauzuia mlangoni peke yake kwa wiki zote zile. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake, ya upole, "Nimekusamehe, mwanangu. Inuka. Usikae chini, utachafua nguo." Akamwambia mkewe aniletee kiti. Nyumba ile sikuwahi kupewa kiti, nilikuwa napora cha mtu.

Nikaletewa chakula kwenye sinia langu peke yangu, kikiwa kimefunikwa kawa. Akaniuliza habari za nyumbani, mama hajambo, mvua huko Kibiti zikoje, na mimi nikajibu kila swali, hewala baba, tunamshukuru Mungu. Hakuwa na kinyongo, naapa. Alinisamehe kwelikweli, na kila nilipomwona baada ya hapo, mpaka uzee ulipomlaza, alinipokea kwa heshima ile ile. Maji yalipojaa alinisindikiza hadi kwenye mkondo, akanishika mkono nipande, akaniombea nifike salama. Boti iliposukumwa niligeuka nikamtazama pale kwenye tope, mkono ameuinua, nikasubiri anitukane. Nilisubiri mpaka mikoko ikamziba.